Kuhamia Chuo cha Ubunifu Majengo Nje ya Nchi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuchagua

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KIJANA wa Kitanzania aliyekwisha kusoma ubunifu majengo kwa mwaka mmoja au miwili, kisha akapata nafasi ya kuendelea na masomo hayo katika chuo cha nje ya nchi, hujikuta mbele ya uamuzi mgumu kuliko ule wa mhitimu wa kidato cha sita. Mhitimu wa kidato cha sita huanza safari mpya. Mwanafunzi anayehama hubeba miaka aliyokwisha kuitumikia, ada iliyokwisha kulipwa na kazi aliyokwisha kuifanya, na chuo anachokichagua ndicho kitakachoamua ni kiasi gani cha mzigo huo kitahesabiwa na kiasi gani kitaachwa mlangoni.

Kwa sababu hiyo, barua mbili za kukubaliwa zinazofanana kwa maneno zaweza kutofautiana kwa miaka miwili ya maisha ya kijana na mamilioni ya shilingi za mzazi. Makala haya yanaeleza namna ya kuzisoma barua hizo, mifumo ya masomo ya nchi ambazo vijana wetu huzichagua, na taratibu zinazopaswa kukamilishwa hapa nyumbani kabla ya safari.

Anzia mwisho wa safari

Ubunifu majengo ni taaluma inayolindwa na sheria. Hapa nchini, usajili wa wataalamu wake husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB), inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 2010. Shahada peke yake haimpi mtu haki ya kujiita mbunifu majengo wala kusaini michoro ya jengo. Mhitimu hupitia kipindi cha mafunzo kwa vitendo chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, pamoja na mitihani ya kitaaluma, ndipo afikie usajili kamili.

Kwa hiyo, swali la kwanza la mwanafunzi anayetaka kuhama halihusu umaarufu wa chuo. Anapaswa kuuliza: je, shahada nitakayoipata mwishoni itakubalika na Bodi ya nyumbani, au na bodi ya nchi ninayotarajia kufanya kazi?

Kipo kipimo cha kimataifa kinachosaidia kujibu swali hilo. Hati ya Elimu ya Ubunifu Majengo ya UNESCO na Umoja wa Kimataifa wa Wabunifu Majengo (UIA), iliyopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, inaeleza kuwa mafunzo ya mbunifu majengo hayapaswi kupungua miaka 5 ya masomo ya muda wote. Shahada ya Chuo Kikuu Ardhi nayo ni ya miaka 5. Programu yoyote ya nje iliyo fupi kuliko hapo yafaa iulizwe: miaka iliyobaki itakamilishwa wapi, na kwa gharama ya nani?

Mfumo wa kila nchi na mtego wake

Katika baadhi ya nchi, mafunzo hutolewa kwa shahada moja ndefu. Ndivyo ilivyo Tanzania. Ndivyo ilivyo pia India, ambako shahada ya ubunifu majengo ni ya miaka 5 na husimamiwa na Baraza la Ubunifu Majengo lililoundwa kwa Sheria ya Wabunifu Majengo ya mwaka 1972. Kwa mwanafunzi anayetoka Tanzania, mfumo wa namna hii una wepesi mmoja: mwaka wa tatu wa huku na mwaka wa tatu wa kule hukaribiana kimaudhui.

Nchi nyingine hugawa mafunzo hayo katika hatua mbili. Uingereza ina hatua ya kwanza ya miaka 3 na hatua ya pili ya miaka 2, na kwa kawaida wanafunzi hufanya kazi ofisini kwa mwaka mmoja katikati ya hatua hizo. Baada ya hapo hufuata mtihani wa hatua ya tatu. Bodi ya usajili ya nchi hiyo imekwisha kuanza kuubadili mfumo huu na kuweka uzito zaidi katika hatua ya uzamili, hivyo mwombaji wa sasa anapaswa kuuliza programu yake itakuwa na hadhi gani mwaka atakaohitimu.

Ujerumani nayo ina shahada ya kwanza ya mihula 6 hadi 8, ikifuatiwa na uzamili. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya Namba 2005/36/EC, kama ulivyorekebishwa mwaka 2013, unataka mbunifu majengo awe na miaka 5 ya masomo, au miaka 4 ya masomo pamoja na miaka 2 ya mafunzo kazini. Maana yake ni kwamba anayerejea nyumbani na shahada ya kwanza ya miaka 3 pekee hajaikamilisha safari, hata kama chuo chake kina jina kubwa.

Afrika Kusini hufuata ngazi tatu. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa mfano, mwanafunzi huanza na shahada ya kwanza ya miaka 3, hufuata shahada ya heshima, kisha uzamili wa kitaaluma. Kila ngazi ina maombi yake na ushindani wake, hivyo kukubaliwa katika ngazi ya kwanza si ahadi ya nafasi katika ngazi zinazofuata.

Marekani ndiko wengi hujikwaa. Huko, chombo kinachotoa ithibati kwa programu za ubunifu majengo ni NAAB, nacho hutambua shahada za kitaaluma za aina tatu tu: shahada ya kwanza ya ubunifu majengo, ambayo kwa kawaida ni ya miaka 5, shahada ya uzamili na shahada ya uzamivu za taaluma hiyo. Lakini vyuo vingi vya nchi hiyo hutoa pia shahada ya miaka 4 ya sayansi au ya sanaa yenye neno "ubunifu majengo" katika jina lake. Shahada hiyo ni ya maandalizi. Anayeimaliza hana budi kuendelea na uzamili ili ahesabiwe kuwa amepata elimu ya kitaaluma. Chuo kimoja chaweza kuwa na programu zote mbili katika jengo moja, na barua ya kukubaliwa ikamweka mwombaji katika ile ambayo hakuikusudia.

Somo la jumla ni hili: ithibati hutolewa kwa programu, haitolewi kwa jina la chuo. Mwombaji asome jina kamili la shahada lililoandikwa katika barua yake, kisha alitafute katika orodha ya chombo cha ithibati cha nchi husika. Vyombo kadhaa vya namna hiyo vimeunganishwa na Makubaliano ya Canberra ya mwaka 2008, ambayo huwezesha ithibati ya nchi moja mwanachama kuchukuliwa kuwa inalingana kwa kiasi kikubwa na ya nyingine. Hata hivyo, makubaliano hayo hayampi mtu usajili. Bodi ya kila nchi hubaki na kauli ya mwisho.

Krediti zinavyohesabiwa

Vyuo hupima masomo kwa krediti, na kila mfumo una kipimo chake. Katika mfumo wa Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Uingereza hutumia kipimo hicho hicho. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka una krediti 60, kila moja ikiwa na saa 25 hadi 30. Nchini Marekani, mwaka wa kawaida una takribani krediti 30 za muhula, na shahada ya kwanza ya ubunifu majengo yenye ithibati haipaswi kupungua krediti 150.

Hivyo mwanafunzi aliyemaliza miaka miwili nchini na kukusanya krediti 240 anaweza kukadiria kuwa ana krediti 240 za Uingereza, 120 za Ulaya au 60 za Marekani. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba katika taaluma hii krediti pekee hazimpandishi mtu darasa.

Studio ndiyo mizani

Uti wa mgongo wa masomo ya ubunifu majengo ni studio, yaani somo la usanifu ambamo mwanafunzi hupewa mradi, huchora, hutengeneza mfano wa jengo na kuutetea mbele ya jopo la walimu. Studio hupangwa kama ngazi za nyumba. Asiyepita ya pili haruhusiwi kukanyaga ya tatu. Masomo mengine kama hisabati, historia ya majengo na fizikia ya majengo huhamishika kwa wepesi, lakini nafasi ya mwanafunzi katika studio hupimwa kwa macho, kupitia potifolio, yaani jalada la kazi zake.

Hapo ndipo miaka hupotea. Mwanafunzi aweza kukubaliwa krediti zake zote 60 za Marekani, kisha akawekwa studio ya mwaka wa pili. Kwa kuwa studio huchukuliwa moja baada ya nyingine, amebakiwa na miaka 4 hata kama krediti alizopungukiwa ni za miaka 3. Katika mihula kadhaa atakuwa na somo la studio na masomo machache mengine tu, huku akiendelea kulipa kodi ya nyumba na gharama za kukaa ugenini.

Ndiyo maana swali la pili, baada ya lile la ithibati, ni hili: nitawekwa studio ya mwaka wa ngapi? Jibu lake liombwe kwa maandishi kabla ya kulipa ada ya kushikilia nafasi. Chuo kikijibu kuwa uamuzi utafanyika baada ya mwanafunzi kufika, mzazi anapaswa kupiga hesabu kwa kudhani kuwa kijana atawekwa daraja la chini.

Jalada la kazi nalo liandaliwe mapema. Mifano ya majengo ya kadibodi na mbao haisafiri vizuri, hivyo ipigwe picha nzuri kabla haijavunjika. Michoro ya mkono ichanganuliwe kwa mashine. Walimu wanaopima hupenda kuona namna wazo lilivyokua, kuanzia mchoro wa kwanza hadi jengo kamili, kuliko picha moja ya kompyuta iliyopambwa. Kila mradi uandikwe ulifanyika mwaka gani na kwa muda gani, na pale ambapo kazi ilikuwa ya kikundi, mwanafunzi aeleze bayana sehemu aliyoifanya yeye.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa pili kati ya mitano nchini. Akibaki alipo, amebakiza miaka 3.

Chuo cha Uingereza kikimpokea mwaka wa pili wa hatua ya kwanza, atasoma miaka 2, kisha miaka 2 ya hatua ya pili. Jumla ni miaka 4 darasani, bila kuhesabu mwaka wa kazi ofisini. Chuo cha Marekani chenye shahada ya miaka 5 kikimweka studio ya tatu, atasoma miaka 3. Kikimweka ya pili, miaka 4. Akiingia katika shahada ya maandalizi ya miaka 4 kwa mwaka wa tatu, atasoma miaka 2, na kisha uzamili ambao kwa kawaida huchukua takribani miaka 2. Chuo cha Ujerumani kikimpokea muhula wa tatu wa shahada ya mihula 6, atakuwa na miaka 2 ya shahada ya kwanza na miaka 2 ya uzamili. Kwa kuwa programu nyingi za shahada ya kwanza huko hufundishwa kwa Kijerumani, huenda akahitaji mwaka mwingine mzima wa lugha.

Hesabu hii huonyesha jambo ambalo wazazi wengi hulikosa: chuo kisichotoza ada chaweza kuwa na njia ndefu kuliko zote. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo. Hata hivyo, jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kutoza ada wanafunzi wa kundi hilo mwaka 2024. Aidha, mwombaji wa viza ya masomo hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu katika akaunti maalumu. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Kwa miaka 4 kiasi hicho ni euro 47,616. Ukiongeza mwaka wa lugha, ni euro 59,520.

Nchini Uingereza, mbali na ada na fedha za kujikimu, mwanafunzi wa kigeni hulipa mapema mchango wa huduma ya afya wa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza yake. Kwa ujumla, gharama ipimwe hadi siku ya kupata shahada ya kitaaluma, isiishie kwenye ada ya mwaka wa kwanza iliyoandikwa katika barua. Ufadhili nao uulizwe kwa makini, kwani mara nyingi misaada inayotangazwa na vyuo hutengwa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, na anayehamia huweza kukuta mlango umefungwa.

Masharti ya viza hubadilika, wakati mwingine katikati ya mwaka wa masomo. Mwombaji ahakiki masharti ya sasa katika ubalozi wa nchi husika kabla ya kutuma fedha yoyote, na aulize chuo kitarejesha kiasi gani endapo viza itakataliwa.

Kitakachofundishwa na nchi itakayojengwa

Lipo jambo jingine lisiloonekana katika barua, nalo ni maudhui. Vyuo vya nchi za baridi hufundisha kwa uzito namna ya kuhifadhi joto ndani ya jengo. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar zinahitaji majengo yanayokwepa joto, yanayopokea upepo wa bahari na kuhimili mvua za masika. Hilo halimzuii kijana kusoma ughaibuni, bali humtaka achague chuo ambacho kitampa nafasi ya kulifikiria swali la nyumbani.

Mifano ipo. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alisomea Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Angali mwanafunzi, alibuni shule ya msingi ya kijiji chake iliyokamilika mwaka 2001. Ilijengwa kwa matofali ya udongo, na paa lake la bati liliinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipite. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker. Hapa nyumbani, marehemu Beda Amuli, aliyesomea taasisi ya Technion mjini Haifa, ndiye aliyebuni Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970, lenye paa la zege la maumbo ya miavuli linalotia kivuli huku likiruhusu hewa kupita. Wote wawili walijifunza mbali na kuyapeleka maarifa yao mahali yalipohitajika.

Mwombaji aangalie, basi, kama chuo kina walimu au studio zinazoshughulikia nchi za joto, makazi ya gharama nafuu au ujenzi wa udongo, na kama mwanafunzi huruhusiwa kufanya mradi wa mwisho kuhusu eneo la kwao. Pia asizisahau nchi jirani. Ubunifu majengo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Makerere na Chuo Kikuu cha Rwanda. Hali ya hewa, sheria za ujenzi na gharama za maisha za huko ziko karibu zaidi na zetu, na ubunifu majengo ni miongoni mwa taaluma ambazo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana kutambuliana wataalamu wake.

Taratibu za nyumbani

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa Cheti cha Kutokuwa na Pingamizi kwa Watanzania wanaokwenda kusoma nje, baada ya kujiridhisha kuhusu chuo na programu husika. Tume hiyo pia ndiyo inayotambua na kulinganisha shahada za vyuo vya nje mhitimu anaporejea. Anayetumia wakala ahakikishe kuwa wakala huyo ana kibali, na asisahau kuwa ushauri wa wakala hauchukui nafasi ya majibu ya Tume wala ya AQRB.

Kabla ya kuondoka, mwanafunzi achukue kutoka chuo chake hati ya matokeo iliyothibitishwa na muhtasari wa kila somo unaoonyesha mada, saa na krediti. Muhtasari huo ndio msingi wa ulinganisho wote, na ni rahisi kuupata ukiwa bado chuoni kuliko kuuomba ukiwa ng'ambo. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu aitaarifu Bodi mapema, kwani fedha alizokwisha kupokea hubaki kuwa deni hata akihama.

La muhimu zaidi, mwanafunzi asijitoe chuoni kwa furaha ya barua ya kukubaliwa. Aulize kwanza kama kanuni za chuo chake zinamruhusu kuahirisha masomo. Aliyeahirisha ana mahali pa kurudi endapo viza itakwama au fedha zitapungua, ilhali aliyejitoa huenda akalazimika kuomba nafasi upya.

Kwa muhtasari, kila barua ya kukubaliwa ipitishwe katika maswali manne: shahada hii ina ithibati ya kitaaluma? Nitawekwa studio ya mwaka wa ngapi? Ni miaka mingapi na fedha kiasi gani hadi shahada ya mwisho inayotambulika? Je, Bodi ya nyumbani itaipokea? Barua yenye majibu manne ya maandishi yafaa kupewa uzito kuliko yenye jina kubwa na majibu ya mdomo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na muhula mmoja uliotumika kuuliza ni nafuu kuliko miaka miwili ya kurudia.